Sauti Tatu za Fundi wa Beni

Fundi alikuwa na sauti tatu kichwani, na zote tatu zilikuwa na buku. Buku ni kile kitabu kidogo ambacho kila mtu mweusi wa Élisabethville alipaswa kutembea nacho mfukoni. Ndani yake waliandika jina lako, kabila lako, bwana wako wa kazi na chanjo ulizochomwa, na bila hicho hata mvua haikuwa na ruhusa ya kukunyeshea barabarani. Basi sauti za Fundi, ambazo hakuna mtu mwingine aliyezisikia, zilikuwa na karatasi safi kuliko mume wangu. Nchi ilikuwa na utaratibu wake, huwezi kuikosea adabu.

Alizaliwa wapi, na nani, wa ukoo gani, hayo wataandika wenye kazi hiyo. Mimi nilimjua kwa ukuta. Tulipewa nyumba moja iliyogawanywa mara mbili, upande mmoja yeye na cherehani yake, upande wa pili mimi, mume wangu na mtoto wetu wa kwanza, Ilunga. Ukuta wenyewe haukufika darini. Waliojenga cité yetu, mtaa tuliotengewa, waliamua kwamba watu weusi hatuna siri za kutosha kujaza matofali yote hayo, wakaacha nafasi ya mikono miwili chini ya bati. Akipiga chafya, mimi nilimwitikia.

Alishonea barazani. Tepu ya kupimia aliivaa shingoni kama padri anavyovaa kitambaa chake, na aliitumia kupimia mara chache sana. Alikutazama mara moja, akaandika. Wanawake walimwogopa kwa sababu alisema kweli: umeongezeka hapa, na hapa, na huku nyuma usiniulize. Kinywani mwake mlikaa pini siku nzima, na alijua kuongea, kucheka na hata kuimba bila kumeza hata moja. Kifungo cha chini kabisa cha kila nguo alikishona kwa uzi wa kijani. Alisema ni kwa sababu watu wa mji huu ni hodari wa kukana, na yeye alitaka awe na shahidi.

Aliwaogopa polisi mno. Na ni yeye aliyewashonea polisi kaptula nzuri kuliko fundi yeyote. Walikuja kubaniwa viuno ili wapendeze mbele ya mabinti, na yeye alitetemeka kuanzia magoti hadi kidevu, huku mshono ukitoka mnyoofu kabisa. Kanisani alikwenda kila Jumapili, akaimba nyimbo zote, na padri alipopanda kuhubiri Fundi alitoka nje. Alipoulizwa, alieleza kwamba mtu mmoja kusema peke yake bila kujibiwa, hiyo anayo nyumbani.

Sasa niseme habari za beni, maana bila beni Fundi angekuwa habari fupi sana. Beni ilikuwa chama cha ngoma. Jumapili alasiri wanaume waliobeba, waliofua na waliopika wiki nzima walivaa makoti yenye vifungo vya shaba, wakapanga mistari, wakacheza kwa hatua za askari, kila mtu na cheo chake. Gavana wetu alikuwa mpishi wa mzungu mmoja wa posta. Gavana wa serikali alikuwa na kofia moja yenye manyoya. Wetu alikuwa nazo mbili. Karani wetu alikuwa mtu wa Kasai, amesoma kwa mapadri, mwenye mwandiko uliowatia wivu hata wazungu wa ofisini. Mume wangu alikuwa Jenerali. Jumapili aliongoza wanaume arobaini, Jumatatu akarudi kiwandani kusukuma makaa kwenye tanuru, na huko hakuna aliyempigia saluti. Mimi walinifanya Nesi. Walinifunga kitambaa cheupe chenye msalaba mwekundu, na hakuna aliyeniuliza kama nina nia ya kumponya mtu.

Chama kilizika watu wake, kiliwaangalia wagonjwa wake, na juu ya yote kilipendeza. Kupendeza huko kulitoka mikononi mwa Fundi. Kila koti, kila ukanda, kila bendera ilipita chini ya sindano yake. Kwa hiyo Fundi alipougua, msinidanganye kwamba chama kiliguswa na upendo. Kiliguswa na makoti.

Ilianza miezi miwili kabla ya Pasaka. Asubuhi moja tulimkuta barazani akifumua makoti mapya, mshono baada ya mshono, kwa uangalifu uleule aliouonyesha kuyashona. Alisema Komanda amemwamuru. Komanda gani? Komanda aliye ndani, aliyesema makoti ni ya adui. Baada ya siku mbili akaacha kula. Mjomba wake, marehemu wa miaka mingi, alikuwa amemnong'oneza kwamba chakula cha mji huu kimetiwa kitu. Akashona mifuko ya suruali yake ikafungwa, mikono isije ikaingia huko ikatoka na jambo. Alisema wako watatu, akajibizana nao mchana kutwa. Nilisikia upande wake tu wa mazungumzo, naye alionekana kushindwa kila hoja.

Miaka mingi baadaye nesi mmoja, wa kweli huyu, aliniambia ugonjwa huo unaitwa skizofrenia. Nikamwuliza kama jina hilo limewahi kumpikia mtu. Akaona mimi ni mama mkorofi, na hakukosea.

Wakati huo nilikuwa na Ilunga kifuani, mtoto mwenye usingizi mwepesi, na mdomo wangu haukuwa na breki. Kila nilipopika nilimwambia mume wangu yaleyale: huyu mtu atatuua, bora wamtoe, wamrudishe Kasomeno na gari la samaki. Sikunong'ona. Nilipokuwa peke yangu pia niliyasema, kwa sufuria. Na siku moja nilimbeba mtoto mgongoni, nikamwendea polisi wa kwenye lango la cité, nikampa namba ya nyumba. Aliandika polepole, ulimi nje. Akasema karatasi itapanda kwa bwana wa cité, mzungu aliyeisimamia, na bwana akipata nafasi atakuja kuangalia mwenyewe.

Lazima nieleze gari la samaki. Malori yalileta samaki wa Kasenga mjini na kurudi matupu, na serikali, ambayo haikupenda kitu kirudi kitupu, iliyapakia watu isiowataka: wasio na kazi, wazee, wenye wazimu. Buku ya Fundi iliandikwa Kasomeno, iliyo kwenye njia ileile. Huko hakuwa na mtu tena. Waliokuwa wake walikuwa wamekwisha. Wangemshusha kando ya barabara, ananuka samaki, na cherehani ingebaki mjini kwa sababu cherehani haikuwa na wazimu. Hayo yote niliyajua nilipokwenda langoni. Nilikwenda vilevile.

Chama kilikutana barazani kwake Jumamosi, Fundi mwenyewe akiwa amekaa katikati, kimya, koti lililofumuliwa magotini na pini kinywani. Mimi nilisimama na mtoto mlangoni mwangu, kwa cheo changu cha Nesi. Mume wangu, Jenerali, alishauri Fundi amwagiwe maji baridi mpaka hao watu watoke. Gavana alishauri sala, halafu makoti. Wengine walisema aachiwe serikali, maana serikali ina hospitali. Wote tuliijua ile hospitali. Wenye wazimu walifungiwa chumba cha mwisho, na waliotoka walitoka wamebebwa, miguu mbele.

Ndipo Karani akauliza swali ambalo ni mtu wa mji huu tu angeliuliza, na aliliuliza kwa uso wa kazi, kalamu mkononi.

"Hawa bantu batatu banaikala mu nyumba ya Fundi," alisema, "beko na buku?"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Fundi hakucheka. Alitoa pini kinywani, moja moja, akazichomeka kwenye kola yake, akafikiri.

"Hapana," alisema. "Baliingia bila ruhusa."

Hilo lilikuwa jibu lake la kwanza lenye kichwa na miguu kwa mwezi mzima. Karani alifungua daftari. Alisema hakuna mtu anayekaa cité bila kuandikishwa, na kama sisi wenye mifupa tunaandikishwa, hawa wasio na mifupa ni nani hata wasamehewe?

Wakaandikishwa. Wa kwanza, Komanda: kazi yake kuamrisha, kabila halijulikani, chanjo hakuna. Wa pili, Mjomba: marehemu, kazi yake kuonja chakula cha watu na kukisingizia. Fundi alijibu kila swali kwa makini, kama mtu aliyesubiri kuulizwa tangu zamani. Nadhani ndivyo ilivyokuwa. Sisi tulikuwa tumemwambia hakuna mtu, hakuna mtu, wewe unaota, na yeye alikuwa anawasikia. Karani hakubishana naye kama wapo. Aliuliza tu wanafika saa ngapi.

Wa tatu, alisema Fundi, ni mwanamke. Anakaa ukutani.

Karani aliuliza jina. Hakuna jina. Aliuliza huyu mwanamke anasema nini. Fundi alitazama viatu vyake.

"Anasema: hii muntu atatuua. Bora bamutoshe. Bamurudishe ku Kasomeno na gari ya samaki."

Nilikuwa na mwiko mkononi. Sikumbuki niliuweka wapi. Nilimwinamia mtoto nikajifanya namfuta pua iliyokuwa safi kabisa. Nilimtazama mume wangu. Maneno yale nilikuwa nimemwambia mbele ya pua yake asubuhi, mchana na jioni, kwa mpangilio uleule, na gari la samaki mwishoni. Alitikisa kichwa kwa huzuni, akasema huyo mwanamke ana roho mbaya. Hapo ndipo nilipojua kwamba tangu anioe hajawahi kunisikiliza hata siku moja.

Gavana alitoa amri, Karani akaiandika. Sauti zote zitapokewa barazani, kwenye cherehani, kuanzia king'ora cha kiwanda cha saa kumi hadi saa kumi na moja, kama ofisi inavyopokea watu. Kabla ya hapo na baada ya hapo, amri ya kutotembea. Komanda akitaka jambo, aliandike alipeleke kwa Gavana, kwa kuwa hapa kuna Gavana mmoja tu. Kuhusu Mjomba, chakula cha Fundi kitaonjwa kwanza na mtu wa chama, mbele ya macho yake, kama mwenye pombe anavyoonja chungu kabla ya kumpa mgeni. Na yule mwanamke, Gavana alisema, hana kazi wala mume katika nyumba hii, na maneno yake ni machafu. Yeye anyamaze kabisa.

Mhuri ulikuwa wa kiazi kitamu. Karani alikikata katikati, akachonga nyota, akakichovya wino. Buku tatu za karatasi ya daftari zilipigwa mhuri, zikatundikwa juu ya cherehani. Ya tatu, isiyo na jina, ilikuwa yangu.

Kesho yake asubuhi nilihamisha mbabula, lile jiko letu la makaa, nikaliweka mbali kabisa upande wa pili wa ua, juani. Nilimwambia mume wangu moshi unamwumiza mtoto macho. Ndani ya nyumba ile sikusema tena neno lolote ambalo lingeweza kuvuka ukuta. Nilimwita Ilunga kwa mikono. Majirani walifikiri nimepatwa na dini.

Sitaki kutia chumvi nikasema alipona siku ile. Komanda hakupenda kuandika barua. Kulikuwa na mchana ambao Fundi aliutupa ukutani ugali wake wote, sisi tunauita bukari, baada ya kuonjwa mara tatu. Kulikuwa na siku aliondoka akatembea mpaka kwenye ule mlima mweusi wa mabaki ya shaba, na Karani akatembea nyuma yake hatua ishirini, bila kumwita wala kumshika, mpaka alipochoka wakarudi pamoja. Zamu ziliandikwa: leo huyu akae naye barazani, kesho yule. Wengine hawakuwa na la kumwambia. Walikaa tu, wakamshikia kitambaa. Mume wangu, kwa cheo chake, alichukua kazi ya kuonja. Alionja kwa moyo mkubwa sana. Kufika mavuno ya mahindi, koti la Jenerali halikufunga tena, na Fundi alilipanua bila kuulizwa.

Chakula hicho, bila shaka, nilikipika mimi.

Polepole Fundi akapata usemi wake. Sauti zikija asubuhi, huku akikanyaga cherehani, alisema bila kuinua macho: "Saa yenu bado." Alisema kwa upole, kama karani wa dirishani aliyeshiba. King'ora kikilia saa kumi, aliacha kushona, akakunja mikono, akawasikiliza na kuwajibu. Saa kumi na moja aliwaaga. Usemi ule aliupenda hata akautumia kwa kila mtu. Polisi aliyetaka kaptula yake upesi aliambiwa saa yenu bado. Padri aliyemwuliza kwa nini hakai kwenye mahubiri aliambiwa hivyohivyo. Makoti ya Pasaka yaliisha asubuhi ya Pasaka yenyewe. Koti la Gavana lilikuwa na mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake. Alilivaa, akacheza, na mtu aliyethubutu kucheka alivuliwa cheo.

Mimi nilianza kusahau polisi wa langoni. Karatasi haikunisahau. Ilipanda, ikalala mahali, ikaamka, ikashuka, na siku moja bwana wa cité akatokea mtaani kwetu na polisi yule yule nyuma yake. Kwa akili nyingi za serikali, walifika saa kumi na nusu.

Fundi alikuwa barazani, mikono imekunjwa, akimjibu Komanda kwa sauti ya kusikika. Wanachama sita walikuwa wamekaa naye. Gavana aliiona kofia nyeupe ikipinda kona, na sijui ni nani aliyemfundisha mpishi yule kufikiri upesi vile, labda keki zinazoungua. Aligeukia nguzo ya baraza, akaanza kuieleza nguzo jinsi ya kuchemsha kuku. Karani alielewa. Alisimama akalihutubia bati kwa Kifaransa. Mume wangu alianza kugombana na viatu vyake. Kabla bwana hajafika, baraza zima lilikuwa linasema peke yake, kila mtu na kitu chake, na mimi mlangoni nikaugeukia ukuta wa nyumba, nikauambia kwamba mtoto ameota jino.

Fundi alinyamaza kwa mshangao. Akawatazama mmoja mmoja. Halafu akavuta kitambaa, akaanza kushona.

Bwana wa cité alisimama, karatasi mkononi. Kiswahili chake alijifunza kwa kuamrisha.

"Wapi ile muntu ya wazimu?"

Polisi alitazama. Aliona watu sita wakiongea na nguzo, bati na viatu, na mtu mmoja ametulia akishona mstari mnyoofu. Alimnyooshea kidole Gavana. Gavana aliinama kwa heshima, akaendelea na kuku wake.

Lakini bwana alikuwa na karatasi, na mzungu mwenye karatasi hakosi njia. Aliisoma tena. Alisema kuna mwanamke wa nyumba hii, upande wa kushoto, aliyeshitaki makelele ya fundi. Akainua macho. Upande wa kushoto, mlangoni, nilikuwa mimi. Watu wote barazani wakanyamaza mara moja, na mume wangu akanitazama kama anayeniona mara ya kwanza. Bwana aliuliza kama makelele yapo au hayapo, maana lori linaondoka Alhamisi na nafasi ipo.

Fundi hakuacha kushona, ila mguu wake ulikuwa umepunguza mwendo. Nilikuwa na uwongo wa kila namna mkononi, na ninajua kuutumia. Kilichonitoka ni kweli tupu.

"Mwenye makelele ni miye, bwana," nilisema. "Fundi haiko na makelele. Ni miye napiga makelele juu yake."

Bwana hakushangaa. Mwanamke mwenye makelele ni jambo ambalo hata Ulaya wanalo. Aliandika neno moja kwenye karatasi, akaikunja, akaniambia nijifunze adabu, akaenda zake kunywa chai. Chama kilinibeba juujuu. Gavana alinisifu kwa ujanja, kwamba nimejitolea kubeba aibu ya uwongo kwa ajili ya ndugu. Nilipandishwa cheo, nikawa Nesi Mkuu. Hakuna kitu kilichowahi kunichoma kama ile sifa. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia, na nikamwambia mume wangu ni moshi.

Hakuuliza karatasi ile ilifikaje ofisini. Huenda alielewa, huenda hakusikia. Kwa mume wangu mambo hayo mawili yalifanana.

Tukaishi na Fundi miaka mingi. Aliwashonea wanangu sare za shule, na Ilunga suti ya arusi, kifungo cha chini uzi wa kijani. Kuna misimu alidhoofika, hasa mvua zikikaribia, na zamu zilirudi barazani bila mtu kuitisha mkutano. Chama chenyewe kilizeeka. Vijana walitaka gitaa, vyeo vikachekwa, kofia za manyoya zikaliwa na mende. Zamu hazikuchekwa. Gavana, aliyekuwa hana tena nchi ya kutawala, alikuja kila Jumanne na kigoda chake. Saa kumi ilibaki saa kumi.

Sisi tulihamia mtaa mpya baada ya vita, kwenye nyumba yenye ukuta uliofika mpaka darini. Niliulalamikia ukuta huo mwaka mzima kwa sababu nilikuwa sisikii mtu. Mume wangu alipofariki, Fundi alimshonea koti la mwisho kwa kukumbuka tu, bila kipimo. Lilimkaa vizuri kuliko yote aliyovaa akiwa hai.

Miezi kadhaa baada ya msiba nilikwenda kumwona. Nilikuwa nimevaa nguo za ujane, na nimechoka kubeba jambo moja tangu Ilunga alipokuwa hana meno, naye sasa alikuwa baba. Nilimkuta barazani palepale, miwani imefungwa kwa uzi, buku tatu bado zimetundikwa juu ya cherehani, mhuri wa kiazi umekuwa doa la kahawia. King'ora kilikuwa kimelia. Aliniomba nikae, ningoje, maana saa ile ilikuwa ya sauti zake. Nilikaa kwenye kigoda cha Gavana. Alimsikiliza Mjomba, akamjibu kwa kifupi. Alimwambia Komanda aandike barua. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayezungumza na wapangaji wazee, wasumbufu, ambao ameshazoea viatu vyao mlangoni. Saa kumi na moja akawaaga, akanigeukia.

Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima. Yote yaliniponyoka.

"Fundi," nilisema, "ule mwanamuke wa mu ukuta. Alikuwa miye."

Alitoa pini kinywani, moja moja, kama siku ile.

"Mama Ilunga, mi nilijua," alisema. "Komanda hana mutoto wa kulia nyuma yake."

Nilimwuliza, kama alijua, kwa nini alimwacha Karani aniandike pamoja na wale wengine mbele ya watu wote. Kwa nini hakunitaja jina. Alisema zile siku sauti zote zilikuwa na uzito mmoja, na hata akijua ipi ni ya jirani, kichwa kilimwambia zote ni za wakubwa, na wakubwa hawapangiwi saa na mtu. Alitaka kuona kama ile karatasi ya Karani ina nguvu, au ni mchezo wa Jumapili.

"Kesho yake ukanyamaza," alisema. "Nikajiambia: kumbe moja amesikia. Hawa babili nabo batasikia. Kama haungenyamaza, mama, singeamini ile karatasi. Ningeenda na gari ya samaki. Aksanti."

Miaka yote hiyo nilikuwa nangoja anitukane, na nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Kwa matusi najua pa kuweka mikono. Lakini mtu akinishukuru kwa aibu yangu, na anasema kweli, sijui. Alinitazama mabega mara moja, akaniambia nimepungua, akaniuliza kama ninakula.

Nilisogeza kigoda karibu na cherehani. Nikamwomba msamaha, kwa sauti ya chini, ile niliyopaswa kuitumia jikoni tangu mwanzo.